Miguu ya Katikati

Tik.

Kitu kidogo kiliangukia juu ya plastiki, chepesi kama punje ya chumvi. Kikafuata kimya kirefu, kimya cha kutosha mtu kujiambia kwamba hakusikia chochote. Halafu tena: tik.

"Panya," alisema mwanamke kutoka gizani.

"Panya gani ana subira hivi?" Inspekta alijibu, huku akipapasa mkoba wake kutafuta simu.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nje jua lilikuwa linachoma mabati na watu walikuwa kwenye shughuli zao, lakini chumba cha mtunza jengo kilikuwa chini kabisa, nyuma ya ngazi. Hakikuwa na dirisha, na umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Inspekta alikuwa ameingia humo dakika tatu zilizopita, akakaribishwa kwa sauti tu na kuvutwa mkono mpaka kwenye stuli. Sura ya mwenyeji wake alikuwa bado hajaiona.

Aliwasha tochi ya simu. Kwanza akaona uso: mwanamke wa miaka ishirini na kitu, macho ya mtu ambaye usingizi wake una mapengo. Kisha kitanda, na juu yake mtoto wa kike wa miaka minne hivi, amelala mdomo wazi, mguu mmoja nje ya shuka. Kisha meza iliyobanwa kati ya kitanda na nguzo, na juu ya meza kontena la chakula lenye mfuniko wa bluu. Juu ya mfuniko zilikuwepo punje nyeupe. Inspekta alizihesabu. Zilikuwa kumi na moja.

Akauinua mwanga juu.

Bimu ya zege ilipita chumbani kutoka ukuta hadi ukuta. Ilishuka kidogo tu kutoka kwenye dari, ila upana wake ulikuwa wa kitanda cha watu wawili. Kitanda chenyewe kilikaa chini yake sawasawa, kana kwamba vilipimwa siku moja na fundi mmoja. Kwenye ubavu wa bimu, kiganja kimoja kutoka kwenye nguzo, plasta ilikuwa na mstari mwembamba. Ulianzia chini na kupanda kwa mshazari.

"Mume wangu anasema ni plasta tu," alisema mwanamke. "Plasta ya haraka hutoa mba."

"Ulianza lini, huo mba?"

"Walipojaza matangi ya maji juu. Siku ile ile. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa siku." Alimtazama mtoto. "Sasa huyu ameshaizoea. Ikilia tik, na yeye huku amelala anauliza, nani?"

Inspekta alisogeza stuli hadi kwenye nguzo. Alipanda juu ya stuli, akatoa penseli, akachora alama ndogo pale ncha ya juu ya ufa ilipoishia, na pembeni yake akaandika saa. Alipogusa plasta kwa kidole ilikuwa na baridi, na alipoondoa kidole alihisi, au alidhani amehisi, kitu kama mtu anayemeza mate upande wa pili wa ukuta.

Akashuka.

Siku tatu zilizopita, ng'ambo ya ua, kwenye jengo la kwanza ambalo ni pacha wa hili, bimu kama hii iliachia upande wa nguzo. Haikupinda kwanza wala haikunung'unika kwa namna ambayo mtu angeielewa. Mlinzi wa zamu aliyekuwa chini yake alikutwa bado ameshika kikombe. Kufika mchana wa siku ile polisi walikuwa na mtuhumiwa: fundi mzee wa kusuka nondo, ambaye chini ya kitanda chake zilikutwa ringi kumi za chuma zilizotakiwa kuwa ndani ya bimu. Kila mtu alisema kesi imekwisha. Inspekta peke yake ndiye aliyekuwa bado anauliza maswali, na alishaanza kuonekana msumbufu.

"Mumeo yuko wapi?"

"Juu, anaangalia mabomba. Ameshaandika maelezo yake lakini. Alisema siku ya zege hakuona kitu, yeye alikuwa wa mashine tu."

"Nimeyasoma. Nitarudi kumsikia kwa mdomo." Inspekta alifika mlangoni. "Chakula hicho umempikia nani? Mchana bado mbali."

"Cha mtu tu." Mwanamke alilipangusa kontena kwa kiganja, akalikumbatia. Halafu, kana kwamba ni swali la kupitisha muda: "Afande, wale wazee mnaowashikilia kituoni, wanapewa blanketi?"

"Wanapewa."

"Haya. Asante."

* * *

Vipande vya bimu iliyoanguka vilikuwa vimelazwa kwenye ua wa nyuma wa kituo, vimeandikwa namba kwa chaki na kupangwa kama mifupa ya mnyama mmoja mrefu. Mhandisi, mwalimu wa chuo cha ufundi aliyeitwa kuvisoma, alikuwa amechuchumaa katikati yao na kofia ngumu kichwani.

"Hapa hakuna cha kukuangukia," Inspekta alimwambia.

"Mlinzi naye aliambiwa hivyo." Hakuinua kichwa. "Njoo unihesabie. Kipande namba moja, kilichokuwa kwenye nguzo. Unaona ringi?"

"Naona. Moja kubwa, imezunguka nondo zote."

"Ina miguu mingapi iliyosimama?"

"Miwili. Kulia na kushoto."

"Sasa nenda namba sita."

Inspekta aliruka vipande vinne. Kwenye namba sita ringi kubwa ilikuwepo, na ndani yake ringi nyingine mbili ndogo, bega kwa bega. Alihesabu kwa kidole. "Miguu sita."

"Ndivyo mchoro ulivyotaka, bimu nzima. Bimu nyembamba, miguu miwili inatosha. Hii ina upana wa sentimita mia na ishirini. Umewahi kubeba kuni?"

"Nimekua nazo kichwani."

"Basi unajua kuliko wanafunzi wangu. Mzigo mpana ukiufunga kwa kamba ya nje peke yake, kuni za pembeni zinabanwa, za katikati zinachomoka. Uzito unapokaribia nguzo, bimu hutaka kukatika kwa mshazari. Miguu iliyosimama ndiyo inayoushona mshazari huo. Hapa pembeni palishonwa vizuri kabisa. Katikati hapakuwa na aliyeshika."

"Kwa hiyo mzee aliziiba zile za ndani."

"Kuna mtu alizitoa. Nafasi tano tu, kuanzia kwenye nguzo, kisha zinaendelea kama kawaida. Nafasi tano, ringi mbili kila moja, zinakuwa zile kumi za chini ya kitanda." Mhandisi alijikuna shingoni. "Mwizi mwenye adabu sana. Anachukua za mwanzo, nyingine zote anamwachia mwenye nyumba."

Inspekta alifungua faili. Picha ya msimamizi wa ujenzi, iliyopigwa saa tatu asubuhi siku ya kumwaga zege, ilionyesha ringi zote mahali pake, na vifundo vya waya viking'aa. Zege lilianza kumwagwa saa sita. Kwa hiyo ringi kumi zilitoweka ndani ya saa tatu, mchana kweupe, juu ya mbao zilizojaa watu, na wote waliandika kwamba hawakuona kitu.

"Na upande wa pili wa bimu hii?"

"Bado unaning'inia kule juu. Hatujaweza kuufikia."

"Jengo la pili?"

"Nilipitisha mashine ya kusikiliza chuma jana. Ililia kila mahali kama mbuzi. Lakini mashine hiyo inasikia chuma kilicho karibu na ngozi, na ringi ya nje ipo. Miguu ya ndani imejificha nyuma ya nondo nene. Iwepo isiwepo, mbuzi analia vile vile." Alisimama, magoti yakalia. "Ubavuni nako hutaona kitu. Ufa wa bimu pana huanzia tumboni, katikati, mahali jicho halifiki. Siku ukiuona nje, ujue umekwisha kusafiri."

Inspekta alifunga faili taratibu. "Nimeuona asubuhi hii. Kwenye chumba cha mtunza jengo."

Mhandisi aligeuka. "Karibu na nguzo?"

"Kiganja kimoja."

"Umesimama au umelala?"

"Mshazari."

Mhandisi alivua kofia, akaitazama ndani kama mtu anayetafuta kitu humo, akaivaa tena. "Matangi yalijazwa lini?"

"Jengo la kwanza, siku kumi na mbili zilizopita. Bimu ilianguka siku ya tisa. La pili lilichelewa kidogo." Alihesabu kwa vidole, ingawa jibu alikuwa nalo tangu asubuhi. "Leo ni siku ya nane."

"Zege halisomi kalenda."

"Najua. Lakini mkuu wangu anasoma karatasi. Kule kuna familia kumi na nne, na mwenye jengo ana picha safi za kila bimu. Asubuhi nimempigia simu mkuu, kaniambia nimletee sababu, nisimletee punje za plasta."

"Sababu utaipata kwa njia mbili. Kuchimba bimu, na mimi sichimbi bimu iliyochanika wakati kuna watu wanapika juu yake. Au umpate mtu aliyekuwa pale saa sita mchana, akwambie alifanya nini." Mhandisi alikuwa ameshachukua funguo za gari. "Mimi nakwenda kuyafungulia maji yamwagike. Tangi tupu halihitaji sahihi ya mtu. Wewe tafuta huyo mtu."

* * *

Yule fundi wa nondo walimwita Mzee Koleo kwa sababu ya koleo lake la kufungia waya, ambalo kwa miaka arobaini lilikuwa limekaa kiunoni mwake mpaka likaacha alama kwenye kila suruali aliyowahi kuwa nayo. Sasa lilikuwa kwenye mfuko wa vielelezo. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye chumba cha mahojiano, anakula wali kwa utulivu wa mtu aliye kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu tule. Ukila na mtuhumiwa huambukizwi."

"Nimeshiba." Inspekta alivuta kiti, akaweka mezani kifundo cha waya ndani ya mfuko mdogo wa nailoni. "Kimetoka kwenye kipande namba moja. Ni chako?"

Mzee alinawa, akajipangusa, akakisogeza karibu na macho. Uso wake ulilainika kama wa mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto wake. "Changu. Mizunguko miwili na nusu, mkia umelala kushoto. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Mama yangu alinichapa mpaka akachoka, haukuhama."

"Na aliyekifungua?"

"Mimi nikitaka kufungua, nakata. Waya uliokatwa kwa koleo una mdomo bapa. Tazama huu. Umesokotwa, ukachongoka, ukavunjika. Umezungushwa mpaka ukachoka wenyewe." Kisha kidole chake kikasimama juu ya nailoni, na akawa kama mtu aliyejikuta amepita nyumba aliyokuwa anakwenda.

"Umezungushwa na nini?"

"Sijui."

Katika siku tatu, hilo lilikuwa jibu lake la kwanza lisilo na mzaha.

Inspekta aliirudisha nailoni upande wake. "Mzee, kila mtu wa nondo ana koleo. Anayekosa koleo ndiye anayeokota kipande cha chuma, anakipachika kwenye kifundo na kuzungusha. Saa tatu mpaka saa sita, nani mwingine alipanda juu ya mbao zile? Seremala alikuwa ameshashuka. Walipanda watu wa zege."

"Watu wa zege ni wengi."

"Wengi. Chakula hiki nani anakuletea?"

"Msamaria."

"Ana jina?"

"Angekuwa na jina angekuwa ndugu."

Mfuniko wa bluu ulikuwa kando ya kontena. Inspekta alilowesha ncha ya kidole kwa ulimi, akagusa ukingo wa mfuniko, akainua punje moja nyeupe na kuiweka katikati ya meza. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba wote wawili walilazimika kuinama ili kuiona.

"Hii nimeiona asubuhi, hii au dada yake," alisema. "Msamaria wako ana miaka ishirini na kitu, na aliniuliza kama unapewa blanketi. Ni binti yako. Na mume wake, mtunza jengo, yule wanayemwita Mtetemo kwa sababu ya mashine ya kutetemesha zege, ni mkweo."

Mzee Koleo aliegemea kiti. "Nina miaka sitini na tisa," alisema. "Jela ya mtu kama mimi ni kulala na kuamka. Yule kijana ana mtoto mdogo. Andika ni mimi, tumalizane."

"Siwezi."

"Kwa nini? Ringi zimekutwa kwangu."

"Kwa sababu punje hii haikutoka ukutani. Imetoka kwenye bimu. Na bimu iko juu ya kitanda cha mjukuu wako."

Mzee aliitazama punje. Alichukua mfuniko, akalifunika kontena ambalo bado lilikuwa na wali, akabonyeza pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Aliniapia," alisema. "Zile kumi nilizikuta kwenye lundo la takataka siku ya pili, zege limeshashika. Nilizitambua. Ringi zangu nazitambua. Nikamvuta pembeni: mwanangu, umefungua wapi kwingine? Akasema hapana baba, ni hapa tu, mashine ilikwama. Nikazibeba nikazificha. Nilijua hata likija kuwa neno, zege lile halina aliye chini yake. Sikuwaza mlinzi. Sikumuwaza kabisa yule mlinzi. Nimelala naye siku tatu humu ndani."

"Alifungua nini, mzee?"

"Mlango. Ndivyo wanavyoita wenyewe. Karibu na nguzo chuma ni kingi, kichwa cha mashine hakipiti kati ya ringi. Wanatoa za ndani, wanapata uwazi, wanatetemesha zege lao vizuri, wanaondoka. Ukija kesho unakuta bimu laini kama yai." Aliinua macho. "Ukimkuta usimuulize kosa, atakimbia. Muulize ringi ni za nini. Atakueleza mwenyewe. Hajui kama amekosa, yule. Mimi ndiye nilijua."

* * *

Mabomba ya kutolea maji ya jengo la pili yalikuwa yanabubujika Inspekta alipofika, na ua mzima ulikuwa umelowa. Mhandisi alikuwa juu. Mtetemo, kijana mpana wa mabega, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake na viatu vya mpira, anayatazama maji yanayopotea kwa masikitiko.

"Afande, mwenye jengo atanila mbichi."

"Mwambie ni mimi. Ingia ndani kidogo."

Umeme ulikuwa haujarudi. Mke wake alisimama kumpisha Inspekta, na mtoto alikuwa ameamka, ameketi kwenye ncha ya kitanda. Inspekta alipanda juu ya stuli, akawasha tochi. Alama ya penseli ilikuwa pale pale, na saa yake. Ufa ulikuwa umeipita kwa upana wa vidole viwili.

Alishuka bila haraka, kwa sababu haraka ingemtia mtu woga.

"Mtetemo, nifundishe kazi. Zile ringi ndani ya bimu ni za nini?"

Alionekana kushangaa kwamba swali ni rahisi hivyo. "Za kushikilia nondo, ili zisianguke kabla zege halijamwagwa. Zege likishashika, nondo haziendi popote. Ringi inakuwa imemaliza kazi."

"Nani alikufundisha?"

"Nani afundishe? Unaona tu. Mtu anafunga nondo zikae sawa, zege linakuja, basi."

"Na mashine ikikwama?"

Mtetemo alicheka kidogo. "Ikikwama ni balaa. Mwaka wangu wa kwanza kichwa kilinasa kati ya ringi za ndani, nikavuta mpaka zege likaanza kukauka nacho. Mbao zilipotolewa, bimu ilikuwa na matundu unapitisha ngumi. Msimamizi aliniita mbele ya watu wote, akaniambia nikatetemeshe uji. Tangu hapo sijawahi kuacha tundu. Muulize yeyote. Nafungua mlango kwanza, nafanya kazi safi." Alisema neno la mwisho kwa fahari, na fahari ikabaki hewani bila mtu wa kuipokea.

"Unafungua wapi?"

"Kwenye nguzo. Ndiko chuma kimebanana."

"Bimu moja tu? Kama ulivyomwambia mkweo?"

Alimtazama mke wake, kisha sakafu. "Nilisema vile kwa sababu alikuwa amekasirika. Mzee anapenda vifundo vyake."

"Zingine zilikwenda wapi, hizo ringi?"

"Nyingine zilizama kwenye zege la ngazi. Nyingine sijui."

"Kwa hiyo ni bimu zipi?"

"Zote," alisema Mtetemo. "Kila bimu pana, kila upande wenye nguzo. Majengo yote mawili."

Ndipo akasikia alichokisema. Alisimama mdomo ukiwa nusu wazi, na kichwa chake kikaanza kuinuka polepole, kama cha mtu anayeitwa na mtu wa juu yake, mpaka macho yakafika kwenye bimu aliyoimwaga kwa mikono yake mwenyewe na ambayo chini yake alikuwa amelala miezi saba.

Tik.

"Mlinzi," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Yule mlinzi ni mimi?"

"Hiyo tutaiongea kituoni, na mzee wako atatoka. Sasa hivi panda ngazi. Gonga kila mlango. Wewe ndiye mtunza jengo, watakusikia. Washuke kama walivyo."

Alipanda mbio. Walisikia ngumi zake kwenye mlango wa kwanza, na sauti ya mwanamume ikilalamika kwamba maji yamekatwa, umeme umekatwa, sasa na usingizi wa mchana nao unakatwa. Walisikia Mtetemo akisema kitu ambacho hawakukielewa, na malalamiko yakakoma ghafla. Kisha mlango wa pili. Kisha nyayo nyingi ngazini, za kushuka. Inspekta alimpigia mkuu wake, akasema maneno matatu: nimepata, amekiri, tunawatoa. Mkuu hakuuliza punje ngapi.

Alipogeuka, mke wa Mtetemo alikuwa hajasogea. Alikuwa amekaa katikati ya kitanda, chini ya bimu, mikono mapajani.

"Dada, tutoke."

"Asubuhi ulikuja na baba yangu mfukoni," alisema mwanamke. Hakuwa na hasira, alikuwa kama anayesoma orodha. "Sasa unanirudishia baba, unamchukua mume. Nitoke niende wapi? Huyu nitamwambia nini?"

"Utamwambia ukiwa nje. Nitakusaidia kumwambia."

"Mume wangu alifanya kazi safi. Umemsikia. Alikuwa anajitahidi."

"Nimemsikia, na nitaandika hivyo hivyo alivyosema. Inuka, mdogo wangu."

Juu yao kitu kilijivuta, kirefu, cha chini, kama kitanda kizito kinachosogezwa kwenye nyumba ya mbali. Safari hii haikuwa punje. Vumbi jeupe lilishuka kwenye mwanga wa tochi, taratibu, likatua kwenye nywele za mwanamke, na bado hakuinuka. Inspekta alimshika mkono. Ulikuwa mzito kama wa mtu aliyelala.

Mtoto alishuka kwenye ncha ya kitanda, akasimama mbele ya mama yake.

"Mimi nimeshavaa viatu," alisema.